Jina Lililoitwa Kwenye Mwamba wa Moto

Watu wa Bariadi tuna kasoro moja: tukiona ukuta umekauka, tunadhani umekomaa. Aliyenitoa ujinga huo ni jirani yangu Kija.

Kija alizaliwa Kiloleli, akaolewa Mwamapalala na Paschal, mtoto wa mzee Mayige. Alianza kwa kuwabebea mafundi zege hapa mjini, akajifunza kupiga lipu, na mkono wake ukasifiwa. Mkwewe, mchoronga miamba, mtoboaji wa siku nyingi katika mgodi wa dhahabu ng'ambo ya ziwa, ndiye aliyemwombea kazi huko. Akapewa bomba la mpira la kurushia zege. Zege hilo hutoka kwa nguvu ya upepo na kuganda kwenye dari na kuta za njia za chini, ili mwamba usiwaangukie watu.

Kule chini joto halitoki kwenye jua. Mwamba wenyewe una moto wake, na ukiuwekea kiganja unakiondoa upesi. Zege likitua hapo, maji yake hukauka kabla saruji haijashika. Juu linakuwa gumu, unaligonga kwa kucha na kuridhika, kumbe nyuma halijashikana na kitu. Ndiyo maana mafundi huupoza mwamba kwanza kwa maji na feni kubwa, tena polepole, kwa sababu mwamba wa moto ukipozwa ghafla hupasuka nyufa.

Sasa jambo la nyumbani. Kwa wazee wa Mwamapalala, mkamwana halitamki jina la baba mkwe, hata liwe limebebwa na kitu kingine. Mayige kwa Kisukuma ni nzige, basi nzige walipotajwa redioni Kija alikuwa akisema "wale wanaokula mashamba", nasi tukimcheka. Yeye hakucheka. Mzee alimpenda, naye heshima hiyo ndiyo aliyokuwa nayo ya kumlipa.

Siku moja feni ilizimika Kija akiwa katikati ya kazi. Akashusha mpira, akamwambia msimamizi wao, Selestini, kwamba mwamba unapanda joto. Selestini hakuwa mtu mbaya. Zege lilikuwa tayari ndani ya mashine, na kwa joto lile lingegandia kwenye bomba.

"Malizia tu hapo, mama. Kesho tutaligonga," alisema. Kija akamalizia.

Kesho yake Kija alirudi na nyundo. Aligonga mwanzo wa kipande kile, pakaitika vizuri. Akasogea mbele, pakalia kama debe tupu. Alipoinua taa, aliona ufa na vumbi jembamba likichuruzika. Chini ya ufa huo, akiwa amempa mgongo, mzee Mayige alikuwa ameinama akipanga vifaa vyake vya kuchoronga.

"Baba!" Kija aliita.

Wanaume wawili wakageuka. Mgodini kila mwanamume wa makamo ni baba, na mzee alikuwa amelizoea neno hilo kiasi cha kutolisikia. Kija akaita tena. Vumbi likaongezeka. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, dari na jina lile, na akajichukia kwamba kile cha pili alikuwa bado anakipima.

"Mayige!"

Mzee aligeuka kama aliyepigwa kofi. Akamjia mbio, kidole juu, mdomo wazi kumkaripia. Dari ikashuka nyuma yake, zege pamoja na mwamba uliokuwa umelibeba, na kipande kimoja kikamvunja mguu.

Hakupona sawasawa. Alirudi Mwamapalala akichechemea, na mama mkwe, mayu Esteria, akawa na maelezo yake: jina la mzee limetamkwa na mkamwana chini ya ardhi, na ardhi imejibu. Kija alieleza habari za joto na zege hadi akachoka. Esteria hakupokea tena maji kutoka mkononi mwake. Yakaanza maneno ya kumrudisha kwao Kiloleli, naye alikuwa mjamzito. Mzee hakusema lolote, na mimi nilimkasirikia sana kwa kimya hicho. Mtu ameokolewa, halafu anakaa kimya?

Mtoto alizaliwa wa kiume. Ukoo ukakusanyika kumpa jina, nami nilikuwapo, nimemsindikiza Kija aliyekuja akijua kwamba huenda akatoka pale bila ndoa. Aliingia, akapiga magoti, akamwamkia mkwewe, "Mwadila, baba," macho chini.

Mzee aliitikia. Kisha akasema mtoto ataitwa Mayige.

"Na mama yake atamwitaje?" Esteria akauliza. "Atakosea mara ngapi?"

"Atamwita kwa jina lake. Mke wa mwanao aliniita baba mara mbili, nikaendelea kufa," mzee alisema. "Nimenyamaza kwa sababu niliona aibu. Nilimkimbilia ili nimtukane." Akamgeukia Kija. "Ita, ng'wanawane, mwanangu."

Kija alimtazama mtoto. Akamfunika miguu kwa kanga. Machozi yalimshuka, nami yalinishuka.

"Ita," mzee akarudia.

"Mayige," alisema, taratibu mno.

Mtoto alikuwa amelala. Mzee ndiye aliyeitika.