Mawese Kwenye Breki za Kigari cha Marehemu

Kigari cha marehemu mume wangu kilikaa chini ya turubai nyuma ya nyumba yetu hapa Ujiji tangu alipofariki, na aliyekitunza ni mimi. Ni kigari cha watu wawili tu, cha mbio, kimelala karibu na ardhi, na paa lake ni la kitambaa cha kukunja. Mgeni aliyekileta kwa behewa la treni alikuja kwa kazi za ziwani. Alipoondoka alimwachia mzee wangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikitengeneza. Jina la mgeni yule ninalo, na la mkewe, na la mbwa wao pia. Lakini hapa siandiki jina la mtu. Walio hai hawajaniruhusu, na waliokufa siwezi kuwauliza.

Kutunza kwangu kulikuwa ni mawese. Hewa ya ziwa inakula chuma, wa Kigoma wanajua. Jembe, panga, bawaba za mlango, pasi ya mkaa, vyote huwa navipitishia kitambaa chenye mawese, na mzee wangu ndiye aliyenizoesha. Kwa hiyo kila mwezi nilikuwa nafunua turubai na kukipaka kigari bampa, vitasa na ringi. Kutu haikukipata, nami nikajiona nimefanya kazi.

Sasa, mtoto wa kiume wa binti yangu mkubwa ana gereji yake Mwanga, kule Kigoma mjini. Nimemlea mwenyewe tangu anatambaa. Ana ndevu leo, ila mimi namwita mume wangu, kama bibi yeyote na mjukuu wake. Siku moja akaja akafunua turubai, akalizunguka gari, akasema, "Mke wangu, dada akiolewa Jumamosi ile, namtoa hapa kwa gari la babu. Nampeleka Bangwe kwa mumewe. Napita Mwanga, nashuka mteremko wa stesheni, watu waone."

"Hilo gari lina breki?"

"Halina. Ndiyo kazi yenyewe."

Mteremko ule nimeushuka kwa miguu tangu msichana. Barabara inatoka Mwanga juu, inanyooka mpaka stesheni, na nyuma ya stesheni ni maji. Gari lisiposhika breki pale, halina pa kuchepukia. Nikamwambia amwache dada yake apande gari la wajomba kama wanawali wengine. Akacheka. "Bibi, wivu huo."

Akaanza. Alipandisha kigari juu ya magogo, akavua magurudumu yote manne. Nikakaa kwenye mkeka pembeni nachambua dagaa, naye akawa ananitajia kila kitu kwa jina. Hili sufuria la chuma ni dramu, linazunguka na gurudumu. Hivi viwili vilivyopinda kama mwezi ni brekishu, vinakaa ndani ya dramu, na ukikanyaga pedeli vinatanuka na kulikamata. Kila gurudumu mbili, jumla nane. Brekishu zile zilikuwa zimelika mpaka chuma, na kwa gari kama lile mpya hazipatikani. Akazipeleka kwa fundi mwenzake Mwanga, naye akazigongea laini mpya, ule utando mgumu unaosugua dramu, juu ya chuma cha zamani. Raba za ndani, zile za kuzuia mafuta ya breki yasivuje, alizisubiri kutoka Dar, zikaja kwenye kipakiti kidogo kama cha vidonge.

Alhamisi moja, zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya harusi, alizileta brekishu nane, akazipanga kwenye gunia kivulini, akaenda mjini kutafuta mafuta ya breki. Nikabaki nazitazama. Chuma kimesuguliwa msasa, kimekuwa cheupe, na upepo wa ziwa unavuma. Laini yenyewe ilikuwa kavu, ya kijivu, imepauka kama miguu ya mtoto aliyecheza vumbini. Nikaona huyu kijana kazi yake nzuri itaota kutu kabla hajarudi. Nikaingia ndani nikatoa kopo langu na kitambaa. Nikapaka. Nilipaka chuma, nikapaka na laini, kisha nikafuta vizuri zisichirizike. Adhana ya alasiri ikanikuta sijazimaliza, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikaenda kuswali.

Aliporudi alizifunga. Hakuona doa, kwa kuwa nilishafuta, wala hakunusa kitu, na angenusa nini? Uani kwangu kila kitu kinanuka mawese, hata paka. Alipofika gurudumu la mwisho ndipo jirani yetu, mama muuza maandazi, alipochungulia na kumwuliza kwa nini anashika vile vyuma kwa karatasi.

"Mikono yangu ina grisi, mama," akajibu. "Laini hii ikigusa mafuta imekufa. Inateleza tu ndani ya dramu. Unakanyaga, gari linakwenda."

Bakuli la dagaa lilikuwa mapajani kwangu. Nikawa nachambua kichwa natupa, mwili natupa, mpaka jirani akaniuliza kama leo nalisha kuku.

Kwa nini sikusema palepale, nimejiuliza mara nyingi. Alikuwa anaimba. Ameshawaambia watu wote wa Mwanga. Halafu nikajidanganya kwamba nilifuta vizuri, kwamba mafuta yamekauka, kwamba yeye anasema ya petroli na ya injini, haya yangu ni ya kula. Jioni akakishusha kigari, akakiendesha uani hatua kumi na kukanyaga. Kikasimama. Nikasema alhamdulillahi. Lakini Ijumaa nzima sikula. Nilikuwa naona shela la mjukuu wangu linapepea nje ya gari na maji mbele yake.

Jumamosi asubuhi akaja. "Mke wangu, vaa baibui. Leo najaribu mteremko, na wewe ndiye wa kwanza."

"Nenda na rafiki zako."

"Rafiki zangu wanene. Ingia."

Nikaingia. Niliona heri niwe ndani yake kuliko nibaki nyumbani nasubiri simu. Tukatoka Ujiji polepole. Makalio yangu yalikuwa karibu kugusa lami, na bodaboda zilitupita zikituangalia kutoka juu. Kila alipokanyaga breki, kigari kilivuta kushoto. Kidogo tu, kama mtu anayekushika mkono wa nguo.

"Barabara imelala upande," akasema.

Akakanyaga tena mbele kidogo, kikavuta tena kushoto.

"Au laini mpya hazijakaa sawa," akasema. "Zitajirekebisha zikipata moto."

Tukafika Mwanga. Sokoni watu wakapiga miluzi, fundi wenzake wakatoka, mmoja akamwuliza mjukuu wangu mbona bibi harusi amezeeka ghafla. Akawajibu mapenzi hayana umri. Alikuwa amejaa furaha usoni. Kisha nikaona barabara mbele yetu inakatika, na chini kabisa ziwa linang'aa. Akaweka gia.

Nikamshika mkono. "Simama."

"Unaogopa, mke wangu?"

"Nilizipaka mawese."

"Ulipaka nini?"

"Brekishu. Ulipokwenda mjini. Nilizipaka mawese zisiote kutu."

Akakisogeza kigari pembeni, karibu na kibanda cha fundi cherehani, akavuta hendibreki, akazima. Wale waliokuwa wanapiga miluzi wakaanza kutusogelea. Alikuwa anatazama chini kule, hanitazami mimi.

"Chuma au laini?"

"Vyote."

"Ngapi?"

"Mbili. Adhana ilipoanza niliacha."

"Una uhakika?"

Mimi watu wananijia hapa kuulizia majina ya babu zao, na nawatajia mpaka wa kizazi cha nne. Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nikajiona nimekaa kando ya gunia, kitambaa mkononi, nikaziona mbili, kisha nikaona ya tatu, na sikujua kama ya tatu niliipaka au niliishika tu.

"Sina," nikamwambia.

Wenzake wakakisukuma mpaka gereji yake. Akafungua magurudumu yote, siyo moja. La mbele kulia, brekishu zote mbili zilikuwa nyeusi, zinang'aa kama kikaango. Ndiyo maana kilivuta kushoto, kulia hapakuwa na kitu kilichokamata. Akafungua la nyuma kushoto, akakuta moja nyingine. Tatu. Akaipitisha kidole, akakinusa, akanionyesha.

"Migebuka ya ziwa zima ingekaangika humu," akasema. Ndipo nikalia.

Mmoja wa mafundi alishauri waoshe kwa petroli na kuchoma kwenye jiko, mafuta yatoke. Mjukuu wangu akakataa. Alisema wengine hufanya hivyo, lakini yeye anambeba dada yake. Zile tatu zikarudi kugongwa laini mpya, na dramu zote zikaoshwa. Raba nazo akazikagua moja moja, hazikuwa zimeguswa.

Jumatano ilibaki kutoa hewa kwenye mabomba, na kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini ya gari na mmoja kwenye pedeli. Msaidizi wake alikuwepo, lakini aliniita mimi. Nikavua ndala nikakaa nyuma ya usukani.

"Kanyaga," akasema kutoka chini. "Shikilia. Achia. Kanyaga."

Mwanzoni pedeli ilizama kama mguu kwenye tope. Gurudumu la pili ikaanza kukaza. La nne ikasimama chini ya unyayo wangu, ngumu kama jiwe la kuogea, na nilipoambiwa niachie sikuachia.

"Bibi, achia."

"Bado kidogo."

Jumamosi ya harusi mimi na mashangazi tulitangulia Bangwe kwa gari la wajomba. Wenzangu waliingia ndani kupokelewa, mimi nikakataa, nikasimama barabarani na fimbo yangu. Ngoma zilikuwa zinapigwa, sikusikia ngoma. Nilisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha kigari kikatokea kwenye kona, paa limekunjwa, mjukuu wangu wa kike ameshika shela kwa mikono miwili. Kikaja moja kwa moja, hakikuvuta kushoto wala kulia, kikasimama hatua mbili kutoka nilipo.

Wanawake wakapiga vigelegele. Walinisimulia baadaye kwamba bibi harusi alinyoosha mkono nimpokee, na mimi nilikuwa nimeinama nanusa gurudumu la mbele kulia.