Mtani Wangu Alisema Fangasi wa Tumboni Mwangu ni Mifugo Yake

Leo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane. Nina miezi mitano na siku kadhaa tangu niondoke nyumbani. Admin, ficha jina langu, mengine yaache kama nilivyoandika. Nina miaka thelathini na tisa, shule niliishia darasa la tano. Kwetu ni ufukweni, Ziwa Nyasa, nina mke na watoto watatu. Sasa nachuma kahawa kwenye shamba la mtu huku milimani Mbinga, upande wa Maguu. Kwa gari si mbali. Kwangu mimi ni mbali sana, kwa sababu nimekatazwa kushuka.

Tumbo lilianza kunisumbua mwaka jana. Linajaa, linanyonga, choo kinatoka na damu. Siku moja nimepanda Mbinga kuuza usipa, wale dagaa wetu, nikamkuta dada mmoja ana meza ya virutubisho na kompyuta ndogo. Akanishikisha chuma, akatazama kioo cha kompyuta, akasema, "Baba, fangasi wamejaa tumboni, na chakula hakisagiki." Akanipa kopo la vidonge vya vimeng'enya, eti vinasaga chakula, na unga wa mitishamba wa kuua fangasi. Akanikataza sukari, togwa na ugali wa muhogo wa kuvundika. Nimeshaondoka akaniita, "Na mama watoto naye umlete apimwe."

Neno hilo ndilo lililoniharibu. Kwetu tunajua fangasi wa aina mbili tu, wa miguuni kwa wanaovaa mabuti, na wale ambao mwanaume anaupata ugonjwa wao kwa mwanamke. Mimi sivai mabuti.

Nilimeza dawa zile miezi miwili, damu haikukoma. Mke wangu akipika ugali wa muhogo, naumwaga. Akaniuliza, "Baba Neema, sasa utakula nini, mawe?" Nikamjibu, "Nitakula ukishaniambia fangasi hawa umewatoa kwa nani." Akanyamaza. Kule kunyamaza kwake nikakuchukua kuwa ndiyo jibu.

Sasa kuna mtani wangu. Ni Mngoni aliyehamia kwetu, tumevua mtumbwi mmoja miaka kumi na moja. Babu zetu walitaniana, sisi tumerithi. Yeye humwita mke wangu "mke wetu" hata mbele ya padri. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyelala kaburini kabla ya jeneza akagoma kutoka mpaka tumpe kuku, watu wakacheka huku wanalia. Huyo ndiye mtu niliyemfanyia hivi.

Asubuhi moja tunatoa samaki wavuni, akaniona nameza vidonge. "Wewe Mnyasa, siku hizi unakula chakula cha kuku?" Nikamwambia ni dawa ya fangasi wa tumbo. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Fangasi? Hao ni mifugo yangu! Nilimwachia mke wetu anitunzie. Usiwaue, nirudishie!" Ufukwe mzima ukacheka. Mimi nikasikia mtu anakiri.

Kafi la mtumbwi lilikuwa karibu, nikalinyakua. Nilimpiga nalo usoni, taya likalia kama muwa unaovunjwa. Akaangukia majini, nikampiga mgongoni, nikampiga tena, maji ya pale miguuni yakawa mekundu. Alinyoosha mkono kuniomba, nikaupiga huo mkono pia. Mke wangu alikuwa anaanika usipa kwenye chanja, akaja mbio akanishika shati. Nikageuka nikampiga ngumi ya mdomo. Jino lake niliona linadondoka mchangani. Neema, binti yangu, alikuwa anatazama. Hapo wavuvi wakanivamia, mateke na fimbo, mpaka nikazimia.

Nilizinduka hospitalini. Daktari aliona damu ya choo, akauliza ni ya lini. Nikamweleza habari ya fangasi. "Fangasi gani?" Akapima choo, akarudi akaniambia, "Mzee, hiki ni kichocho. Umekulia kwenye maji ya ziwa, umekipata humo humo." Akanisimamisha kwenye ubao, akanipima urefu ajue idadi ya vidonge, akanipa nikameza palepale. Damu iliisha. Ugonjwa ulitoka ziwani nilimokuwa naoga kila siku, na mimi nilishavunja watu wawili.

Mtani wangu alilazwa wodi hiyo hiyo, taya limefungwa kwa waya. Polisi walipomuuliza kama anashtaki, akaomba karatasi akaandika: "Huyu si mtani wangu tena. Mwacheni aende." Ningependelea jela. Mke wangu alikuja na mdomo umevimba, akasema kwa pengo lile, "Siku mtani wako akikutukana tena, nitakufungulia mlango. Kabla ya hapo usije."

Niliwatumia wazee wa kwetu mbuzi wa kuomba msamaha, wakamrudisha. Walisema utani haulipwi. Mwezi uliopita nikampigia mtani simu. Akaniitikia taratibu, taya halijakaa sawa, "Habari za huko, ndugu? Familia hawajambo." Miaka kumi na moja hajawahi kuniita ndugu. Nilikaa chini ya mibuni nikalia kama mtoto.

Nina wazo moja. Nataka nikatandike mkeka uani kwa mtani wangu, nijifunike shuka mpaka usoni, nilale kama maiti. Kama bado kuna utani ndani yake, atakuja kunimwagia majivu na kunitukana, maana maiti ya mtani haiachwi. Kama hakuna, atanipita, na nitakuwa nimejua. Ninyi mnaoishi na watani, niambieni: je, nifanye hivyo, au nitakuwa namdhihaki mtu niliyemvunja taya? Na mke wangu nimwambie nini kwanza?

Ninasoma maoni yote. Kahawa ya mwisho ikikauka, kabla mvua za mwezi wa kumi na moja hazijaharibu barabara, nashuka. Mkeka nimeshanunua.