Sindano Aliyoikosa Fundi Viatu

Jumatano, tarehe kumi na moja Juni. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kukunja vidole.

Muuguzi wa wodi ya upasuaji, ambaye wagonjwa humwita Mama Sukari akiwa mbali, alimchoma fundi viatu kidoleni na kuangalia kipimo cha sukari. Kumi na tisa. Akachoma kidole kingine, kana kwamba hicho kingekuwa na adabu zaidi. Kumi na tisa vilevile.

"Fundi, umekula nini?"

"Hata maji sijaonja, sista. Muulize huyu."

Huyu alikuwa mkewe, aliyepakata mkoba kwenye benchi. "Kweli, dada. Tumefuata maneno yako yote. Hajala, na sindano sijampa."

"Hukumpa?"

"Si ulisema asile? Sasa sindano ya nini, na chakula hakuna?"

"Nilisema nusu! Jana, benchi hilihili, nikasema ile ya usiku apewe nusu. Ukaitikia sawa dada, sawa dada. Mtu akilala njaa, ini lenyewe linafungua ghala na kumwaga sukari. Nani wa kuizuia?"

"Mimi nilimwambia nusu ni nusu," fundi akadakia. "Akalala na dawa chini ya mto wake kama polisi."

Mama Sukari hakucheka. Msumari ulikuwa umemwingia fundi kidole gumba cha mguu asihisi kitu, na sasa weusi ulikuwa umefika shinani. Leo kingekatwa kidole. Wakingoja zamu nyingine, ungekatwa mguu.

Daktari wa upasuaji alipita, akatazama kipimo. "Arudi nyumbani. Kwa sukari hii kidonda hakitafunga."

"Akirudi nyumbani, daktari, tutakutana naye tukikata gotini. Mweke wa mwisho kwenye orodha ya leo. Nitamtundikia dripu ya insulini na kumpima kila saa."

"Isiposhuka chini ya kumi, simgusi."

"Sawa."

Akatundika dripu huku akinung'unika. Kila wiki maneno yaleyale, na kila wiki yanaingia sikio hili na kutokea lile. Afadhali angeuambia ukuta. Ukuta angalau hauitikii sawa dada.

Mke wa fundi alimfuata hadi kwenye sinki.

"Nilikusikia, dada. Ile nusu niliisikia. Ila mwaka jana alijichoma kabla ya kula, sukari ikamshuka, akaangukia viatu vya wateja, jasho chapachapa, ananiuliza mimi ni nani. Niliogopa."

"Mbona jana hukusema?"

"Ulikuwa unasema wewe."

Mama Sukari akafunga bomba. Hasira bado alikuwa nayo, lakini hakujua tena aielekeze wapi.

Alasiri kipimo kilisoma tisa. Fundi akaingizwa chumba cha upasuaji, akatoka amepungukiwa kidole kimoja tu.

Kesho yake asubuhi, Mama Sukari alifungua bandeji ya fundi, akaona kidonda kikavu, akaifunga. Kisha akaenda kwenye benchi, alikokuwa amekaa bibi mshonaji wa kupasuliwa ngiri siku inayofuata, mwenye kisukari naye. Alifungua kinywa kuanza maelezo yake ya kila siku, akakifunga.

"Hebu niambie wewe, bibi. Leo usiku hutakula. Sindano utaifanyaje?"

"Nitaiacha, mwanangu. Nisije nikafa usingizini."

Mama Sukari alishusha pumzi ndefu, akavuta kiti, akakaa.