Mluzi wa Clem Kinamasini

Sisi wakulima wa Munglinup tukimwona kwezi wa Ulaya, hata mmoja, tunapiga simu serikalini siku hiyohiyo. Ndege mgeni yule akishazaa huku, ngano na zabibu zetu ndiyo basi tena. Jirani yangu Clem Hardwick aliwatega miaka mingi. Mtegoni alimfungia kwezi mmoja hai wa chambo, awaite wenzake, na kila alipompelekea maji alimpigia mluzi uleule wa kumwitia mbwa wake, Bruno: mfupi, mfupi, kisha mrefu unaokatika katikati, maana Clem alikuwa na pengo.

Clem akafa ghafla, moyo. Katika pilikapilika za mazishi nani akumbuke mtego? Tulipoufuata, mlango u wazi, kwezi hayupo.

Majira ya kuchipua nilimpelekea mjane wake, Noreen, pai ya nyama. Tumekaa barazani tunakunywa chai, mara mluzi huo kutoka kinamasini. Mfupi, mfupi, mrefu, ukakatika. Nywele zilinisimama. Bruno, mzee asiyeinuka hata kwa mfupa, alitoka mbio huku akitikisa mkia.

"Noreen! Umesikia?"

"Nasikia kila siku. Kunywa chai yako."

"Huyo ni kwezi anamuiga Clem, mwenzangu. Umepiga simu?"

"Niwaambie nini? Njooni mniulie mume mara ya pili?"

"Acha wazimu wako! Clem mwenyewe angeshapiga zamani."

"Clem hayupo. Huyu yupo."

Nilikasirika, na huruma ilinishika vilevile. Nikamwambia nampa mpaka Jumapili. Asipopiga yeye, napiga mimi.

Jumapili nilimkuta kasimama uani, midomo imemkauka.

"Nyamaza usikilize," akasema.

Mluzi ulitoka kinamasini. Ukajibiwa juu ya paa la banda. Ukajibiwa tena nyuma ya tangi la maji. Sauti nyingine zilikuwa changa, zinajifunza bado, lakini zote zilikatika palepale penye pengo la Clem. Bruno alizunguka uani akilia, hajui aende kwa yupi.

"Kapata mwenzake, wamezaa," Noreen akasema. "Mama yangu, wanamcheka mbwa wangu!" Akaingia ndani, akapiga simu mwenyewe.

Wakaja watu wawili wa serikali na bunduki zao. Waliwamaliza wote isipokuwa yule wa chambo, aliyejichimbia matetini akanyamaza kabisa. Walitafuta mpaka wakachoka.

"Washeni gari mwende zenu tu, hamtampata hivyo," Noreen aliwaambia. "Au ngojeni."

Nikamfungia Bruno jikoni. Noreen akatia vidole mdomoni, akaupiga: mfupi, mfupi, mrefu, akaukata. Matete yakatikisika. Kwezi akapanda juu ya bua, akamtazama Noreen, akamwitikia kwa sauti ya Clem. Bunduki ikalia.

Bruno bado hulala getini akitega sikio kinamasini. Jioni Noreen hamwiti kwa mluzi. Hutoka hadi pale, akamshika ukosi, wakaingia ndani pamoja.