Jeneza la Baba Yake Pokuaa

Jeneza la Yaw Amponsah nililitengeneza mimi, mbao za mvule, vishikio vya shaba, na siku tatu nzima lilikaa karakanani kwangu huku mwenyewe akilisubiri. Watu wakipita wananiuliza, "Fundi Badu, kulikoni?" Nawaambia kamuulizeni Pokuaa. Nilikuwa nacheka moyoni, wala sioni haya kulisema.

Pokuaa ni mwoka mikate. Ana tanuri la udongo nyuma ya nyumba, mikono yake ina makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, na kwa ulimi wake hakuna mteja anayethubutu kuomba apunguziwe. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka kumi na miwili, mwaka ule baba yake alipowafukuza.

Amponsah alikuwa na wake wawili. Mkubwa hakujaliwa mtoto. Mdogo, Afrakoma, ndiye aliyemzaa Pokuaa na wadogo zake watatu, na ndiye aliyelifyeka shamba la kakao tangu likiwa msitu. Kisha Amponsah akataka uzee wa kanisa. Kanisa likamwambia mke mmoja tu. Basi Jumapili moja akasimama mbele ya waumini akasema, "Huyu Afrakoma hakuwa mke wangu. Alikuwa kibarua wa shamba." Watu wakaitikia amina. Watoto wanne wamekaa benchi la nyuma, wanasikia.

Kibarua! Mwanamke aliyeposwa kwa chupa mbili za kinywaji mbele ya wajomba zake. Mimi nilikuwepo, nilikionja kile kinywaji.

Shamba ni la wapwa akifa, na hilo halina ubishi, kwetu Ashanti mali ya mtu ni ya watoto wa dada yake. Lililomkaa Pokuaa kooni miaka ishirini na sita ni lile neno. Kwa fedha ya kakao Amponsah akaiezeka zahanati, jina lake likachorwa ukutani, akaitwa mtu wa maendeleo. Pokuaa akipeleka watoto kuchanjwa, anapita pale na uso kaugeuza.

Halafu akafa. Sasa, kwetu ukoo ndio unaoandaa msiba, lakini jeneza la baba huletwa na watoto wake. Mwanamume akizikwa kwa jeneza lililonunuliwa na ndugu, mji mzima utasema alikufa bila kuzaa, na vijembe vyake vitawafuata mpaka wajukuu wa dada zake. Ndiyo maana Jumatano Oduro, mpwa wake na mkuu wa ukoo, alikwenda mwenyewe kwa Pokuaa. Alimkuta anachochea tanuri.

"Dada yangu, nimekuja kuulizia jeneza la baba."

"Baba wa nani?"

"Usinitanie bwana. Baba yako."

"Mimi mtoto wa kibarua, kaka. Tangu lini kibarua akamnunulia tajiri jeneza? Kamwombeni mke wake."

"Hayo ya zamani. Maiti haina kosa."

"Mdomo wake si ule ule?"

Oduro akakaa kwenye gunia la unga. "Haya, sema unachotaka."

"Jeneza liko kwa Badu, limekwisha. Jumamosi, mbele ya watu wote, wewe mkuu wa ukoo utawamwagia wahenga kinywaji na kutamka kwamba Afrakoma alikuwa mke wa Amponsah. Na mama yangu akae mkeka wa mjane. Ukitamka, nalileta. Usipotamka, mkunjeni kwenye jamvi."

Oduro akakimbilia kwa mchungaji. Mchungaji akamwambia kwamba mzee wa kanisa lake alikuwa na mke mmoja, akitajwa wa pili, kanisa halimziki. Maskini akawa mtu wa kwenda na kurudi. Ijumaa alikuja kwangu, akaninong'oneza kama naweza kumtengenezea jingine kimya kimya. Nikamwambia mbao zimeniishia. Wakati huo tumezikalia.

Jumamosi uwanja ulijaa watu, nguo za msiba, nyekundu na nyeusi tupu. Oduro alisimama, akamwaga kinywaji akasema, "Afrakoma alikuwa mke wetu. Aliposwa, akazaa. Aliyesema vinginevyo alidanganya." Mchungaji akafunga Biblia yake, akaondoka na kwaya nzima. Pokuaa alivitazama vile viti vitupu akapiga kigelegele. Kisha akatuita tulete jeneza, naye akalitangulia akicheza, anainua leso juu, anawaambia wazee wa kanisa waliobaki, "Semeni amina basi! Mbona leo mmekuwa mabubu?" Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Malipo ni hapa hapa duniani.

Mama yake alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Kumasi, anakouza samaki wa kukausha kwenye kibanda chake mwenyewe. Ana miaka sabini na moja. Hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote, hata mimi. Wanawake wa ukoo waliinuka na kaniki na wembe, kwa sababu mke ni mke. Mjane hunyolewa, hafungui kinywa kwa chakula mpaka mume azikwe, kisha mwaka mzima yumo ndani ya nyeusi, haendi sokoni, hampi mtu mkono.

Pokuaa alimkimbilia, jasho linamtoka. "Mama, umesikia? Wamekutaja! Mbele ya watu wote!"

"Nimesikia." Afrakoma alikuwa anafungua hereni zake, moja moja. "Siku ile alipotufukuza nililia mpaka njiapanda, mwanangu. Tulipoipita nikanyamaza. Nilikumbuka kwamba usiku ule hakuna wa kunipiga."

"Mama..."

"Yeye aliniacha. Aliyenirudisha kwake ni wewe."

Akampa zile hereni amshikie. Wale wanawake wakamchukua mkono, wakaingia naye ndani.