Siku Ishirini za Kråka

Gerd Sundelin alikuwa amepika katika shule ya msingi ya Sollefteå, kaskazini mwa Uswidi, kwa miaka ishirini na sita, na maishani mwake hakuwahi kufuga hata sungura. Mwenye mbwa alikuwa kaka yake, Alvar. Februari ile Alvar alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala, akapelekwa kwenye nyumba ya wazee ambako mbwa huruhusiwa kutembelea lakini si kuishi. Basi Gerd akajikuta ana jike la miaka saba, jeusi tii, manyoya kama blanketi, jina lake Kråka, yaani Kunguru.

Alvar hakuwahi kumkatia mbwa wake bima. Alisema bima ni ya watu wanaobeba mbwa kwenye mikoba. Lakini Maj-Lis, aliyekuwa akipika bega kwa bega na Gerd, alimtia hofu mapema.

"Shoga, huna bima? Paka wangu alimeza uzi. Uzi wa kushonea tu! Bila bima ningekuwa nakula viazi vikavu mpaka leo."

Jumanne iliyofuata Gerd akakata bima kwa simu, akasoma masharti mara tatu. Sharti moja lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: siku ishirini za kungojea. Ugonjwa utakaoonyesha dalili ndani ya siku hizo hautalipiwa, si sasa wala baadaye.

Siku kumi na tano zikapita salama. Ya kumi na sita, Jumatano, Gerd alirudi kazini akakuta bakuli la maji limekauka. Akalijaza. Kråka akanywa lote, akainua kichwa akamtazama, akaomba tena. Alhamisi asubuhi hakugusa chakula.

Alhamisi shuleni ni supu ya njegere na chapati za maji, siku ya pilikapilika, lakini Gerd aliunguza chapati kumi na mbili mfululizo.

"Una nini leo?" Maj-Lis akamuuliza.

Gerd akamweleza. Maj-Lis akafunga mlango wa stoo kwa kisigino.

"Usithubutu kwenda kwa daktari. Ukienda leo, itaandikwa ugonjwa umeanza leo. Jumatatu umeshavuka. Nenda Jumatatu asubuhi, sema ameanza jana usiku. Basi."

"Na kama ni jambo kubwa?"

"Mbwa hakula siku moja, ndiyo jambo kubwa? Mume wangu hushinda njaa kila nikipika samaki."

Gerd alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni.

Ijumaa aliiishi kwa kuvizia. Alimvizia Kråka akilala, akihema, akijikokota kwenda kwenye bakuli. Alimshika masikio kupima joto, kisha akashika yake mwenyewe kulinganisha, na hakujua yapi yana homa. Alichemsha kuku, akamlisha kwa kidole. Kråka alipokea kipande kimoja kwa adabu, akakiweka chini zuliani. Gerd akafungua simu kutazama tarehe ya bima, kana kwamba tarehe huenda ikamwonea huruma ikasogea.

Jambo lililomtesa zaidi ni kwamba mbwa hakulalamika. Angelia, Gerd angejua la kufanya.

Kila jioni Alvar alimpigia simu. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakitoka moja moja kama mtu anayepanda ngazi.

"Kunguru wangu mzima?"

"Mzima," Gerd akajibu Jumatano. Akajibu hivyo Alhamisi. Ijumaa akajibu hivyo tena, huku amempa mbwa mgongo.

Jumamosi mchana aliona doa kwenye zulia, la rangi ya maziwa yaliyoharibika, na harufu yake si ya kawaida. Kråka alikuwa akijilamba nyuma bila kukoma. Gerd alichukua simu, akaiweka, akaichukua. Imebaki leo na kesho, alijiambia. Leo na kesho tu. Simu ikalia mkononi mwake. Alvar, mapema kuliko kawaida.

"Nimekumbuka," akasema. "Alipata joto la kutaka dume... mwezi wa kwanza. Mwishoni. Anakunywa maji mengi?"

Gerd akalitazama bakuli la maji.

"Gerd. Anakunywa?"

"Anakunywa, kaka. Na anatoka usaha."

"Tangu lini?"

"Kuna mambo ya bima, Alvar. Nikisubiri mpaka Jumatatu..."

"Ni mfuko wa uzazi!" Sauti ilikatika, ikarudi. "Mbwa wangu wa kwanza, Vilja, alikufa hivyohivyo. Ukipasuka, amekwisha. Mtie garini, we mwanamke! Sasa!"

Ilikuwa zaidi ya saa moja na nusu hadi hospitali ya wanyama, barabara ina barafu iliyoyeyuka ikaganda upya. Gerd aliendesha mikono ikimwuma kwa kukamata usukani. Kila baada ya maili chache alinyoosha mkono nyuma kugusa manyoya, na mara moja hakumsikia mbwa akihema, akasimama pembeni karibu alie, ndipo mkia ukatikisika kidogo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Tuva Näslund, mwenye macho ya mtu aliyekosa chakula cha mchana. Alifunua ufizi wa Kråka, akambonyeza tumbo taratibu, akapitisha kipimo cha picha. Kisha akakaa mbele ya kompyuta.

"Tunamfungua tumbo leo hii. Dalili zimeanza lini?"

Swali lilikuwa dogo. Gerd alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima, na jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: asubuhi hii. Hata asubuhi hii isingemsaidia, maana siku zilikuwa bado. Lakini angalau isingesema yeye ni mtu wa namna gani.

"Jumatano," akasema. "Nimemkalisha siku nne. Nilikuwa nangoja bima ianze."

Vidole vya daktari vilisimama kidogo, kisha vikaendelea kuandika.

"Wengi hungoja," akasema bila kumtazama. "Wanaosema ni wachache. Kaa hapo nje, mama. Nitakuita."

Gerd alikaa saa mbili na dakika kumi kwenye kiti cha plastiki. Jirani yake alikuwa mzee mwenye sungura kwenye boksi, akamnyooshea kipande cha mkate wenye jibini. Gerd alikishika mpaka kikalowa jasho. Kila mlango ulipofunguka aliinuka nusu, akakaa tena.

Tuva alitoka amevua glavu.

"Mfuko ulikuwa umejaa, ukuta mwembamba kama karatasi. Haukupasuka. Ungengoja mpaka kesho, sijui." Akafuta paji la uso. "Yuko hai."

Gerd alitaka kushukuru, akashindwa, akamkabidhi daktari ule mkate.

Kampuni ya bima ilijibu kwa mistari mitatu: dalili zilianza ndani ya kipindi cha kungojea. Gerd aliuza karavani yake, kile kibanda cha kukokotwa na gari, akalipa hospitali, na hakulizungumza jambo hilo tena, ingawa Maj-Lis alilizungumza wiki nzima. "Na kumwambia daktari siku nne kulikusaidia nini, jamani?" Gerd alikuwa akimenya karoti. "Hakukunisaidia kitu," akasema.

Kidonda kilipopona alimpeleka Kråka kwa Alvar. Kaka alikuwa kwenye kiti cha magurudumu dirishani. Mbwa alilia kwa furaha kama mtoto, akamlalia miguuni.

"Siku ngapi?" Alvar akauliza, bila kumtazama dada yake.

"Nne."

Alvar akashusha mkono wake mzima, akapapasa mahali pa kovu, polepole, akirudi na kurudi. Gerd alisimama pale na koti lake mkononi, asijue akae au aondoke.

"Vua viatu," hatimaye Alvar akasema. "Kahawa iko mezani. Imepoa, lakini ipo."