Laini ya Pili ya Mume Wangu

Padri alitangaza baada ya misa kwamba kila mtu ahakiki laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa, maana siku hizi watu wanaibiwa majina. Tulipofika nyumbani kwetu, mtaa wa Kambarage, mume wangu akanipa simu yake na kitambulisho. Miwani yake ilikuwa imevunjika.

"Nisomee wewe, mayu," alisema. Ndivyo anavyoniita, yaani mama, kwa Kisukuma cha kwao. Akatoka kuwapa mbuzi majani.

Nikabonyeza, nikangoja. Ujumbe ukaja na namba mbili. Moja niliijua. Ya pili sikuwahi kuiona.

"Ziko ngapi?" aliuliza kutoka uani.

"Moja," nikajibu.

Nimefundisha watoto katekisimu miaka mingi, na amri ya nane, usiseme uongo, nimeieleza mpaka watoto wakachoka. Siku ile niliivunja bila hata kumeza mate. Padri alikuwa amesema mwizi. Mimi niliwaza mwanamke.

Kila mwezi mume wangu huenda Geita kumwona dada yake mjane. Zamani nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtu anayekumbuka ndugu zake. Tangu Jumapili ile nikaanza kuona mengine. Huondoka na shati la bluu, lile zuri. Hujipaka mafuta kwenye nywele chache zilizobaki. Mzee wa miaka sabini na kitu anajipaka mafuta kwa ajili ya dada yake? Na mbona akirudi anacheka hovyo, hata na kuku?

Siku ya tatu, yeye akiwa shambani, niliipigia ile namba kwa simu yangu. Akapokea mwanamke. Sauti changa, na nyuma yake nilisikia kitu kikikaangwa.

"Haloo?"

"Hii ni namba ya nani?"

"Ya mume wangu. Leo simu ameniachia mimi, yuko duarani. Nimwambie nani kapiga?"

Duara ni shimo la dhahabu. Mume wangu hajawahi kuingia shimoni maishani mwake, na saa ile alikuwa akipalilia pamba. Lakini wivu haukunipa nafasi ya kufika huko. Masikio yangu yalisimama kwenye "mume wangu".

"Uko wapi wewe?"

"Niko Geita, mama, nakaanga maandazi. Kwani vipi, wewe ni mke mwenzangu?" Akacheka kwa moyo wote. "Karibu basi! Kazi huku ni nyingi, tugawane!"

Nikakata simu.

Kicheko kile nilikaa nacho Kwaresma nzima. Nilimwonea wivu mtu nisiyemjua hata uso. Nilimwonea wivu meno yake, ambayo niliyatengeneza mwenyewe kichwani, meupe, yote yapo. Nilikuwa nikisali rozari, na katikati ya makumi zile tarakimu zinakuja zenyewe, moja baada ya nyingine. Nilimwandalia mume wangu ugali, nikauweka mezani nikitazama ukutani. Aliponiuliza kama naumwa, nikasema ni mfungo. Nilienda kuungama, na hilo sikulitaja, kwa sababu niliona dhambi ni ya kwake. Nilimwomba Mungu amrudishe mume wangu. Ukweli ni kwamba nilitaka kwanza amwaibishe mbele za watu.

Wiki ya pili baada ya Pasaka akaja mwenyekiti wa mtaa. Mzee anaitwa kituo cha polisi. Nikafuatana na mume wangu, na moyoni nilisema, leo amepatikana.

Askari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akamvutia kiti, kisha akaeleza. Mama mmoja wa Ushirombo alipigiwa simu akaambiwa mwanawe amelazwa, atume pesa za dawa haraka. Akatuma. Mtoto alikuwa shuleni, mzima. Jina lililotokea kwenye simu ya yule mama lilikuwa la mume wangu, majina yote matatu.

"Mzee, namba hii ni yako?" Askari akaanza kuisoma taratibu.

Alipofika katikati, mdomo wangu uliimalizia. Tarakimu nne za mwisho, kwa sauti ile ile ninayofundishia.

Askari akaacha kusoma.

"Mama, unaijua?"

Mume wangu akageuka. "Mayu, umeitoa wapi?"

Nikasema yote, mpaka maandazi. Askari alijikaza asicheke, akashindwa.

"Kwa hiyo mama, wewe unamwinda mke mwenza, tapeli anajineemesha na jina la mzee? Huo wivu ungeuleta hapa tangu Kwaresma, mama wa Ushirombo asingelia."

Mume wangu hakucheka.

Askari akamuuliza alivyosajili laini yake. Alisajili kwa wakala mmoja wa laini anayekaa chini ya mwavuli, karibu na soko. Vidole vyake vimelika kwa jembe na kamba za ng'ombe, mashine ikawa inagoma. "Rudia mzee, haijasoma," wakala alimwambia, mara tatu, mara nne.

"Ilisoma," askari akasema. "Mara moja kwa ajili yako, na mara nyingine kwa ajili yake. Laini kama hizo wanawauzia machimboni watu wasiotaka majina yao yajulikane. Siku nyingine kidole kikigoma, mwambie akuonyeshe kioo cha mashine. Na usiondoke hapo kabla hujahakiki ni ngapi zimeingia kwa jina lako."

Laini ikafungwa wiki ile ile, na mume wangu hakushtakiwa. Yule mchimbaji aliyekuwa akiitumia alikamatwa. Mkewe sijui alifikwa na nini. Namwombea, ingawa kuna siku ombi linanikwama.

Njiani kurudi nyumbani mume wangu alisema maneno machache tu.

"Simu nilikupa mwenyewe, mkononi. Mwenye hawara anafanya hivyo?"

"Nilidhani hukujua kama itaonekana."

"Miaka arobaini na mitatu, mayu."

Nimekwisha kuungama, na kitubio nilichopewa kilikuwa chepesi. Mungu ni mwema, amenisamehe kuliko nilivyostahili. Lakini tangu siku ile, kila mume wangu anaporudi kutoka Geita, kabla hajavua viatu, anaiweka simu mezani mbele yangu. Nimemwomba aache, ananiumiza. Anasema ataacha siku nitakapoacha kuitazama.

Na mimi bado naitazama.